Jiwe kwanza, pete baadaye: jinsi ya kutengenezesha pete ya almasi ya maabara kwa sonara

Pete ya kwanza niliyoisimamia mimi ilipoteza jiwe ndani ya unga wa chapati. Ilikuwa ya binamu yangu, nyumbani kwake Tabata, Jumapili asubuhi, wageni wako njiani. Alipomaliza kukanda akanawa mikono, akaangalia kidole: meno manne ya kushikia jiwe yamesimama wazi na katikati yake hamna kitu. Tulikaa chini watu wanne tukawa tunaufikicha ule unga donge kwa donge, mpaka mtoto wa jirani akasema, "Hiki hapa kigumu."

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia sonara kwa simu, "Jiwe ni karati moja," naye akatengeneza kiti cha jiwe la milimita 6.5, kwa kuwa ndicho kipimo cha kawaida cha karati moja ya mviringo. Jiwe lilipofika lilikuwa na milimita 6.2, maana lilikatwa nene kwenda chini na uzito wake ukajificha tumboni. Fundi akayakunja meno kwa ndani ili yalifikie. Yalilishika miezi mitatu.

Tangu siku hiyo nimeshaongozana na watu kadhaa kwa masonara wa Kariakoo na katikati ya mji, na mpangilio wangu haubadiliki: jiwe liwe mkononi kwanza, ndipo pete ichorwe. Haya ninayoandika ni ya pete, ila ukitaka hereni, kidani au kipini, mengi ni yale yale.

1. Jua unachonunua, na umwambie atakayeivaa

Siku ya kuonyesha pete nyingine, ya mchumba wa rafiki yangu, shangazi yao aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza:

"Hii imetoka mgodini Mwadui?"

"Hapana, shangazi. Imetengenezwa India."

"Kumbe ya bandia."

"Si ya bandia. Ni almasi kabisa, ila imekuzwa kiwandani."

Akafikiri kidogo. "Kama kuku wa kisasa."

Nikashindwa kubisha. Kuku wa kisasa ni kuku, ukimpasua utakuta kila kilichomo kwa mwenzake. Almasi ya maabara ni kaboni ile ile iliyojipanga vile vile, na ugumu wake ni 10 kwenye kipimo cha Mohs kama ya mgodini. General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, ikatangaza mwaka uliofuata, ingawa zile za mwanzo zilikuwa chembe za kusagia vyuma. Leo kuna njia mbili. Ya kwanza, HPHT, hubana kaboni kwa mgandamizo mkubwa mno, zaidi ya mara 50,000 ya ule wa hewa tunayovuta, kwenye joto linalopita nyuzi 1,300. Ya pili, CVD, huweka kipande chembamba cha almasi ndani ya chumba chenye gesi ya methani na haidrojeni, kaboni ikawa inatua juu yake tabaka kwa tabaka. Zote huchukua siku au wiki kadhaa. China, hasa jimbo la Henan, ndiyo yenye HPHT nyingi. India imejikita kwenye CVD, na mji wake wa Surat ndio unaokata almasi nyingi kuliko mji wowote duniani.

Kipo kitu kimoja ambacho mfano wa shangazi unakieleza vizuri kuliko mimi: hakuna anayefuga kuku wa kisasa ili amuuze ghali miaka kumi baadaye. Mwaka 2018 De Beers, kampuni kubwa ya almasi za mgodini, walipofungua chapa yao ya almasi za maabara, Lightbox, waliuza karati moja kwa dola 800, na wakati ule watu waliona ni bei ya kutupa. Bei za sokoni zikashuka, zikaendelea kushuka, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga. Sonara wengi hawatakubali kulinunua tena jiwe hili. Watapima dhahabu, jiwe watakurudishia mkononi. Kwa hiyo ukinunua, nunua la kuvaa. Fedha inayobaki iende kwenye dhahabu na ufundi, kwa sababu huko ndiko pete inakokaa au kuvunjika.

Na usimfiche bibi harusi. Mashine zipo za kutofautisha, cheti kinasema waziwazi, na siku akijua kutoka kwa mtu mwingine hutamshawishi kwamba ulimaanisha mema.

2. Tazama mikono kabla ya kuchora

Watu huja na picha kumi kwenye simu. Mimi naziweka kando kwanza, nauliza mikono inafanya nini kutwa nzima. Anakanda? Anasuka nywele za watu? Ni muuguzi wa kuvaa na kuvua glavu? Ana mtoto mchanga? Meno marefu yaliyoinua jiwe juu hunasa kwenye uzi wa kanga, kwenye buibui, kwenye nywele, na kila yanaponaswa hulegea kidogo. Kwa mikono ya namna hiyo napendekeza jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, au angalau likae chini. Ukingo hupunguza kumetameta kidogo, ndiyo, lakini jiwe haliendi popote.

Anayetawadha mara tano kwa siku, pete imruhusu kuisogeza ili maji yapite chini yake. Nimeona pete pana, imebana, mwenyewe anaivua kila wudhuu na kuiweka kwenye ukingo wa sinki. Unajua zilikoishia.

Kama unatengeneza na ya bwana harusi, na ni Mwislamu, kumbuka dhahabu wanaume hawavai, na dhahabu nyeupe ni dhahabu iliyochanganywa tu, hukumu yake ni moja. Fedha au platinamu ndiyo njia. Almasi yenyewe haina tatizo.

3. Kuchagua jiwe

Hapa ndipo pa kutumia muda, maana urahisi wa bei una mtego wake. Mtu aliyepanga nusu karati anagundua anaweza kumudu karati tatu, anachanganyikiwa. Kabla ya kuagiza chochote, nenda jikoni. Almasi ya mviringo ya nusu karati ina upana wa milimita 5 na kidogo, karibu na punje nono ya choroko. Karati mbili ni milimita 8 hivi, kama punje ya dengu. Karati tatu zinapita milimita 9. Chukua punje, bandika juu ya kidole kwa kipande cha plasta, kaa nayo saa nzima ukifanya kazi zako. Jiwe la karati mbili lina kina cha karibu milimita 5, na likishapata kiti linapanda juu zaidi. Kwenye kidole chembamba linalemea upande na pete nzima inazunguka kuelekea kidole kidogo. Wengi wakishafanya jaribio hili hurudi karati moja au moja na nusu kwa hiari yao.

Neno "karati" lenyewe huwachanganya watu, tulimalize. Karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi, sehemu ngapi kati ya 24. Ni mambo mawili tofauti kabisa yanayoitwa jina moja, na muuzaji mjanja hulipenda hilo.

Umbo. Mviringo ndiyo inayosamehe makosa mengi: inarudisha mwanga vizuri, inaficha kasoro. Umbo la yai hufanya kidole kionekane kirefu, ila angalia katikati yake kwenye video. Mengi yana kivuli cheusi kilichokaa kama tai ya shingoni iliyofungwa kipepeo. Kidogo si neno, kikiwa kizito jiwe linaonekana limekufa katikati. Mstatili wenye ngazi ni kama dirisha la kioo, kila doa utaliona, kwa hiyo usafi uwe VS1 (daraja la madoa madogo yanayoonekana kwa lenzi tu) kwenda juu. Tone la maji na mraba wenye pembe kali ni mazuri, lakini pembe hizo ndizo zinazomeguka. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, ila ikigongwa kwenye mwelekeo wake dhaifu hupasuka kama ukuni mkavu. Ya maabara pia. Pembe lazima zifunikwe na jino lenye umbo la V.

Kwa mviringo, namba ninazoangalia kwenye cheti ni hizi: kina asilimia 59 hadi 62.5 ya upana wa jiwe, uso wa juu asilimia 54 hadi 58 ya upana huo, pembe ya juu nyuzi 34 hadi 35, pembe ya chini karibu 40.6 hadi 41. Jiwe lililotoka nje ya hapo linaweza kuwa zuri, lakini muuzaji athibitishe kwa video. Ukataji ndio unaolipatia jiwe uhai. Rangi na usafi vinakuja nyuma.

Kuhusu rangi, usipoteze usingizi ukiwinda D, daraja la weupe kamili. Mawe ya maabara ya rangi E, F na G, usafi VS, yamejaa sokoni. Linalohitaji macho ni jambo ambalo herufi hazilitaji sawasawa. CVD nyingine zina rangi ya hudhurungi kwa mbali, HPHT nyingine zina ubuluu, na kuna mawe yenye cheti kizuri ambayo ukiyatazama yana uji, mwanga unaingia na kuzubaa humo ndani. Mwambie muuzaji akupigie video ya jiwe hilo hilo, kwenye mwanga wa kawaida wa dirishani, karibu na jingine la rangi ile ile, likiwa juu ya karatasi nyeupe. Video za mwanga wa duka zinazozunguka polepole hufanya hata kipande cha chupa kipendeze.

Cheti: mengi yatakuja na cha IGI, maabara ya kimataifa ya kupima vito, namba yake ikiwa na herufi LG mwanzoni, na namba hiyo hiyo imechorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo wake mpana kabisa. Iangalie kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. GIA, maabara ya vito ya Marekani, wao tangu Oktoba 2025 hawapangi tena mawe haya kwa herufi na alama za zamani. Wanaandika Premium au Standard, basi. Kwa hiyo usishangae ukikuta vyeti viwili visivyolingana sura.

Ukiagiza kutoka Surat, Mumbai au Dubai, ulizia mambo matatu kwa maandishi: jiwe likirudishwa nani analipa usafiri, bima inaanzia wapi na kuishia wapi, na kampuni ya usafirishaji inapokea vito au haipokei. Zungumza na wakala wa forodha kabla jiwe halijaondoka huko, ukiwa na ankara yenye bei ya kweli na maneno "almasi ya maabara" yameandikwa. Kulibeba kimya mfukoni ni kujitafutia kesi kwa kitu ambacho pengine kodi yake ungeimudu.

4. Dhahabu, pamoja na ile ya bibi

Sisi wa pwani tumezoea dhahabu nyekundunyekundu ya karati 21 au 22. Kwa bangili ni sawa. Kwa meno ya kushika jiwe ni laini mno. Yatapinda siku ya kwanza ya kubeba ndoo. Karati 18, yenye mhuri wa 750, ndiyo ninayoikubali kwa kiti cha jiwe. Kama familia haitaki kusikia habari ya karati 18, duara la pete liwe la karati 22 na kiti peke yake kiwe cha 18 au platinamu, kilehemiwe juu. Sonara mzoefu anafanya hivyo bila shida.

Dhahabu nyeupe inapendeza na jiwe jeupe, lakini weupe ule mkali ni wa rodiamu, metali nyeupe iliyopakwa juu. Baada ya mwaka au miwili inafifia, inaanza kuonyesha umanjano kwa chini ya kidole. Muulize sonara kama anapaka rodiamu mwenyewe au anaipeleka nje, na ngozi ikiwa inawasha kwa hereni za bei ndogo, sema mapema, maana dhahabu nyeupe nyingine ina nikeli.

Hesabu ya bei usimwachie mtu mwingine. Chukua bei ya aunsi ya siku hiyo, gawanya kwa 31.1 upate gramu moja ya dhahabu safi, zidisha kwa 0.75. Tuseme aunsi ni dola 4,000, kwa mfano tu: gramu safi ni dola 128.6, gramu ya karati 18 ni dola 96.5, na pete ya gramu 4 ina dhahabu ya dola 386. Kinachozidi hapo ni ujira, upotevu wa kupiga tupa na kusugua, na faida. Ni haki yake fundi, ila kila kimoja kitajwe peke yake kwenye karatasi.

Dhahabu ya urithi ina hesabu yake. Bangili ya bibi ya gramu 10, ikiwa kweli ni 22, ukitaka kuishusha iwe 18 utazidisha 10 kwa 916, ambayo ni mhuri wa karati 22, utagawanya kwa 750, upate gramu 12.2, yaani fundi ataongeza gramu 2.2 za mchanganyiko wa shaba na fedha. Lakini "kweli ni 22" ndilo swali. Bangili iliyolehemiwa mara nne tangu siku za bibi imekula lehemu ya kila aina, na lehemu hiyo ikiyeyukia ndani ya dhahabu mpya pete inakuwa na ufa. Ipimwe kwanza, sehemu zenye lehemu zikatwe pembeni. Na uwepo inapoyeyushwa. Sonara mwaminifu hachukii; atakuvutia kigoda. Iingie kwenye mizani mbele yako, itoke kwenye mizani mbele yako.

5. Mchoro, nta, fedha

Mpelekee fundi jiwe lenyewe. Alipime kwa kipimo chake, milimita hadi tarakimu mbili baada ya nukta, upana mara mbili na kina mara moja. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye mchoro. Nikisikia fundi anasema "nitakadiria" naaga kwa heshima.

Wako wanaochora kwa kompyuta na kutoa mfano wa nta kwa mashine, wako wazee wanaochonga nta kwa kisu au kuanza moja kwa moja na waya wa dhahabu na tupa. Nimeona kazi nzuri kwa njia zote. Kwa kompyuta, usidanganywe na picha: kwenye skrini pete inajaa kioo kizima na kila kitu kinaonekana imara. Omba namba. Duara lisiwe jembamba kuliko milimita 1.8 kwa upande wa chini ya kiganja, unene usipungue milimita 1.5, na kwa jiwe la karati mbili ongeza. Meno sita ni salama kuliko manne. Ukitaka manne yawe manene. Na kwenye mchoro wa jiwe la mviringo mwambie aonyeshe namba ya leza itakaa wapi, iwe katikati ya meno mawili. Jino likiifunika hutaweza tena kuisoma bila kulitoa jiwe.

Kisha fanya kitu ambacho wengi hukiruka: toa mfano wa kwanza kwa fedha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuyeyusha dhahabu mara mbili. Uweke jiwe la kioo la kipimo kile kile, bibi harusi aivae wiki moja, apike nayo, aoge nayo, alale nayo. Binti mmoja tuliyemfanyia hivi alirudi akasema pete inamchoma kidole cha jirani kila anaposhika usukani wa gari. Tukashusha kiti kwa milimita moja. Ingekuwa dhahabu tayari, angejifundisha kuvumilia.

Ukitaka mawe madogo ya pembeni, yapasayo kuzunguka lile kubwa, uliza nayo ni mawe gani. Nimeshakutana na pete yenye jiwe kubwa lenye cheti safi, na vijiwe thelathini pembeni vya zirkonia, jiwe la kuigiza almasi, ambavyo mwaka wa pili vilikuwa vimechakaa kama kioo cha basi. Yaandikwe kwenye risiti: idadi, uzito wa jumla, na ni almasi ya maabara.

6. Kidole

Uzi unavutika; usipime kwa uzi. Sonara ana shada la pete za kupimia, nenda ukajaribishe. Nenda alasiri, siku ya kawaida, si asubuhi umetoka kuamka wala mchana wa Ramadhani ukiwa umekaukiwa. Joto la Dar huvimbisha vidole, na pete iliyopimwa kwenye chumba chenye kiyoyozi itakuumiza Machi. Ipite kwenye fundo la kidole kwa kuisukuma kidogo, ikishapita izunguke bila kuchezacheza. Pete pana ya milimita 5 kwenda juu iongezewe nusu saizi.

Kama ni zawadi ya siri, azima pete anayoivaa kidole hicho hicho, pima kipenyo cha ndani. Milimita 17.3 ni saizi 7 ya Marekani, na kila saizi nzima inaongeza milimita 0.8. Usimuulize dada yake, atamwambia.

7. Kuliacha jiwe kwa fundi

Siku hii andika. Karatasi moja, nakala mbili: namba ya cheti, vipimo vya milimita, uzito, uzito wa dhahabu uliyoleta, karati ya pete itakayotoka, tarehe, ujira, malipo ya awali. Sahihi mbili. Piga picha jiwe likiwa juu ya mizani. Omba lenzi ya kukuza mara 10, tafuteni wote wawili ile namba kwenye kiuno cha jiwe, fundi aione ukiiona. Sisemi masonara ni wezi, wengi nawaamini kuliko benki. Ila duka lina mafundi watano, mawe yanafanana, na makosa hutokea hata bila nia.

Mwambie pia waziwazi kwamba ni ya maabara. Kuna fundi atakayeiweka kwenye kipimo cha mkononi cha joto, kikasema almasi, akaliandika la mgodini. Kipimo hicho hakitofautishi, maana zote ni almasi. Hata moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hukidanganya, ndiyo maana vipimo vingine hupima na umeme.

Kulehemu kote kukamilike kabla jiwe halijapachikwa. Almasi iliyoachwa wazi kwenye moto wa kulehemu huungua juu, ikawa na ukungu mweupe unaohitaji kukatwa upya. Mafundi wanajua kuikinga kwa asidi ya boriki, lakini isiyopelekwa motoni haihitaji kinga.

Muda? Mpe wiki nane kabla ya harusi. Atakuambia tatu zinatosha. Mpe nane.

8. Siku ya kuipokea

Usiende na wapambe, usiende na haraka. Soma namba kwa lenzi. Pitisha uzi wa nailoni, ule wa soksi, juu ya kila jino. Ukinasa, jino halijalazwa vizuri. Bonyeza jiwe kwa ncha ya kijiti cha meno pande zote, lisitikisike hata kwa unywele. Angalia mhuri wa 750 ndani ya duara. Pima uzito wa pete, toa uzito wa mawe, linganisha na karatasi yenu. Itazame ubavuni: jiwe likae mlalo, lisiinamie upande kama meza yenye mguu mfupi. Hayo yote ni dakika kumi, na ndiyo dakika ambazo fundi bado ana sababu ya kurekebisha bure. Salio lilipe baada ya hapo.

9. Nyumbani

Almasi inapenda mafuta. Migodini wameitumia tabia hiyo miaka mingi, wakipitisha kokoto zilizolowa juu ya meza iliyopakwa grisi, almasi zikanasa, mawe mengine yakapita na maji. Ndiyo sababu pete inayopika wali wa nazi na kupaka mtoto mafuta inapoteza nuru ndani ya wiki mbili, mtu akadhani ameuziwa kioo. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini uliochoka, sugua kwa chini zaidi kuliko kwa juu. Ziba sinki kwanza.

Kila miezi sita ipitie kwa sonara ayabane meno. Katikati ya hapo, kila unapoisafisha, ishike karibu na sikio uigonge taratibu kwa kucha. Ikiwa kimya, ivae. Ukisikia ka-tik-tik kadogo, ivue hapo hapo, ifunge kwenye leso, na unga wa siku hiyo akande mwingine.